Mtoto Asiyehesabiwa Hajengewi Darasa

Tarehe 23 Septemba ni siku ambayo Visiwa vyetu huikumbuka kila mwaka kwa fahari. Ndiyo siku ambayo, mwaka 1964, Serikali ya Mapinduzi chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza kwamba elimu itatolewa bila ya malipo kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Ahadi hiyo haikuishia hapo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliiongezea uzito kwa kuingiza miaka 2 ya elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, ikifuatiwa na miaka 6 ya msingi na 4 ya sekondari, na kwa kuteremsha umri wa kuanza darasa la kwanza kutoka miaka 7 hadi 6. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 4 wa Kojani ana haki katika fedha za umma sawa na kijana wa miaka 14 anayesoma mjini.

Basi leo twapenda kuuliza swali moja, na twaliuliza kwa heshima mbele ya wananchi na mbele ya wakuu wa Serikali kwa pamoja. Ni watoto wangapi wa familia zenye kipato kidogo, waliofikia umri wa maandalizi, ambao wazazi wao wanawatakia nafasi katika skuli inayogharamiwa na umma lakini nafasi hiyo hawaipati? Idadi ya walioandikishwa twaisikia katika hotuba, na idadi ya madarasa mapya twaiona kwa macho yetu. Tunalolitafuta ni habari ya waliobaki nje: idadi yao, shehia wanazoishi, na sababu iliyowabakisha.

Wahenga walisema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Mkulima wa Wete hakubali karafuu zake zikadiriwe kwa macho; hutaka ziwekwe mizanini mbele yake, na asome mwenyewe kilichoandikwa kwenye stakabadhi. Ikiwa karafuu, ambayo mwakani itazaa tena, twaipima kwa uangalifu wa namna hiyo, haifai mtoto, ambaye miaka yake 4 hairudi mara ya pili, aachwe katika makisio.

HESABU TULIZOZIZOEA

Hesabu iliyozoeleka zaidi ni ile ya uandikishaji. Huchukuliwa idadi ya watoto wote walioandikwa katika skuli za maandalizi, ikagawanywa kwa idadi ya watoto wote wenye umri wa maandalizi, na jawabu likatolewa kwa asilimia. Hesabu hii ina faida yake, lakini ina kasoro kubwa isipoangaliwa vyema. Katika madarasa hayo wamo watoto wa miaka 3 walioletwa mapema pamoja na kaka zao, na wamo wa miaka 6 au 7 waliochelewa. Wote hao huhesabiwa juu, ilhali hawamo katika idadi ya chini. Ikiwa penye watoto 100 wa umri wa maandalizi wameandikwa watoto 80, na 25 kati yao si wa umri huo, taarifa itasema asilimia 80, na ukweli utakuwa 55. Watoto 25 watakuwa wamepotea katika karatasi, na hakuna atakayewatafuta kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba wamepotea.

Hesabu ya pili ni orodha ya wanaongoja nafasi. Hii nayo hudanganya, na hudanganya zaidi pale penye shida kubwa. Mzazi huandikisha jina la mwanawe kwenye orodha pale ambapo ipo skuli ya kuandikisha. Katika kisiwa kidogo au katika kitongoji kipya kisicho na darasa hata moja la maandalizi hapana orodha, na pasipo orodha huonekana kama hapana haja. Mama anayejua kwamba skuli iliyo karibu naye imejaa hadi varandani haendi kupoteza asubuhi yake akingoja kuambiwa hakuna nafasi. Ukimya wake usichukuliwe kuwa ni ridhaa.

Hesabu ya tatu ni sensa. Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilikuta Zanzibar ina watu 1,889,773, kutoka watu 1,303,569 wa mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la watu 586,204 katika miaka 10, sawa na asilimia 3.7 kwa mwaka. Hii ni kazi kubwa na ya kutegemewa, wala hatuna ila ya kuitia. Lakini sensa huja kila baada ya miaka 10, na umri wa maandalizi ni miaka 2 tu. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa sensa hutimiza miaka 4 mwezi wa Agosti 2026, na huingia darasa la kwanza baada ya miaka 2 mingine. Ifikapo sensa inayofuata atakuwa na miaka 10. Umri wake wote wa maandalizi utakuwa umepita katikati ya sensa mbili, na wala hakuna karani mmoja wa sensa aliyemkuta ndani yake.

Hesabu ya nne ni ile ya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya unaofanywa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Utafiti huo ndio uliotueleza kwamba umasikini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi asilimia 25.7 mwaka 2019/20. Ni habari ya kutia moyo. Lakini utafiti huu hufanywa kwa kuchagua baadhi ya kaya, nao waweza kusema habari za nchi, za mkoa, na pengine za wilaya. Hauwezi kumwambia sheha wa Tumbatu ni kaya zipi katika shehia yake ambazo zina mtoto wa miaka 5 aliyekaa nyumbani.

Kila moja ya hesabu hizi hujibu swali lake, na swali letu hubaki pale pale.

MFANO WA SHEHIA MOJA

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa shehia moja ya kubuni, ya wavuvi na wakulima wa mwani, yenye watoto 200 wa umri wa miaka 4 na 5. Watoto 90 wameandikwa katika skuli ya maandalizi ya Serikali, na 40 katika skuli ya binafsi. Taarifa itasema kwamba watoto 130 kati ya 200 wanasoma, yaani asilimia 65, na kwamba pengo ni watoto 70.

Sasa tufungue daftari. Katika wale 90 wa skuli ya Serikali, 20 ni wa miaka 3 au 6. Waliomo kwa umri wao ni 70, na pamoja na 40 wa skuli ya binafsi wanakuwa 110. Waliobaki nje si 70, bali ni 90. Tukizitazama nyumba za hao 90 twaona kwamba 80 wanatoka katika familia zenye kipato kidogo. Wazazi wa watoto 75 kati ya hao wanasema wangewapeleka leo lau nafasi ingekuwapo. Wa watano waliobaki wanasema bado. Kisha tuwatazame wale 40 wa skuli ya binafsi. Twaona kwamba 20 kati yao nao ni watoto wa familia hizo hizo za kipato kidogo, ambao ada yao hulipwa kwa mkopo au kwa kupunguza chakula cha nyumbani, na mwezi ukiwa mbaya hurudishwa. Hao wanahesabiwa kuwa wamepata, kumbe wamekosa nafasi ya umma wakanunua ya binafsi kwa fedha wasiyokuwa nayo.

Kwa hiyo haja isiyotimizwa miongoni mwa familia masikini wa shehia hii ni watoto 75 kuongeza 20, yaani 95. Ofisi inayotegemea taarifa ya kwanza ingetenga nafasi 70 na kuamini kwamba imemaliza kazi. Baada ya madarasa kufunguliwa, watoto 25 wa masikini wangebaki nje, na kwa kawaida ya dunia ndio wangekuwa wale ambao wazazi wao hawana mtu wa kuwasemea.

Wala wale watano ambao wazazi wao wanasema bado hawapaswi kufutwa. Wanapoulizwa sababu, pengine watasema kwamba njia ni ndefu na ina gari nyingi, au kwamba mtoto ana ulemavu na skuli haina mtu wa kumtazama. Mzazi wa namna hiyo hakukataa elimu. Alikataa hatari, na hatari yaweza kuondolewa.

NANI MASIKINI, NA NANI ASEME

Hapa twafika penye ugumu wenyewe. Ili kupima haja ya familia zenye kipato kidogo, lazima kwanza ijulikane ni familia zipi. Wenzetu wa Marekani walikutana na jambo hili zamani. Walipoanzisha mpango wa Head Start mwaka 1965, chini ya Rais Lyndon Johnson, kwa ajili ya watoto wadogo wa familia masikini, walihitaji mpaka wa kumtenganisha anayestahili na asiyestahili. Mpaka walioutumia ulitokana na kazi ya Bibi Mollie Orshansky, mtumishi wa idara yao ya hifadhi ya jamii, ambaye katika mwaka 1963 na 1964 alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu kinachotosha familia, akaizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa wakati huo ulionyesha kwamba familia hutumia kiasi cha theluthi ya kipato chake kwa chakula.

Kwa kuwa mpaka upo katika sheria na watoto walio chini yake huhesabiwa, Mmarekani yeyote aweza kuuliza ni wangapi wanaostahili na ni wangapi waliopata, na jawabu huonyesha kwamba fedha inayotengwa haijawahi kuwatosha wote. Huo ndio uzuri wa njia yao. Ubaya wake ni kwamba familia iliyozidi mpaka kwa kiasi kidogo hutolewa nje, ijapokuwa nayo haina uwezo wa kulipa skuli ya binafsi, na mzazi anayepandishwa mshahara kidogo aweza kuona kheri aukatae.

Huku kwetu kipato hakipimiki kwa stakabadhi ya mshahara. Mvuvi hupata leo akakosa kesho. Mkulima wa mwani hulipwa kwa kilo, na bei ya kilo hupandishwa na kuteremshwa na wanunuzi walio mbali. Mchuma karafuu ana fedha katika msimu na hana baada yake. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF ulitumia njia nyingine: wananchi wenyewe walizitaja kaya masikini katika mikutano, kisha hali ya kila kaya ikahakikiwa kwa kuangalia mambo yanayoonekana, kama nyumba ilivyo na vitu vilivyomo. Njia hiyo inafaa kuliko kumwuliza mtu mapato yake, ingawa nayo ina mipaka. Sisi watu wa Visiwani tuna desturi ya kujisitiri. Yupo mtu ambaye jikoni kwake hamna moto tangu jana, na akiulizwa mbele ya jirani zake atasema alhamdulillahi, hatujambo. Hesabu inayomtaka mtu huyu asimame kadamnasi aseme mimi ni masikini itamkosa, na itawakosa wengi wa mfano wake.

Kwa ajili hiyo twaona ni muhimu sana kutofautisha matumizi mawili ya kipimo cha umasikini. Kipimo chaweza kutumiwa kama mlango, ili asiye masikini asiingie. Au chaweza kutumiwa kama taa, ili ionekane ni nani aliyeachwa gizani. Sera yetu ya mwaka 2006 haikuweka mlango. Imesema maandalizi ni ya watoto wote. Ni sawasawa na Pencheni Jamii, ambayo ilipoanza kulipwa mwezi wa Aprili 2016 haikumwuliza mzee wa miaka 70 kama ana shamba au hana. Hatupendi sera hii ibadilishwe. Lakini nafasi zikiwa chache, haki ya wote hugeuka kuwa haki ya wanaotangulia, na wanaotangulia aghalabu ni wale wanaokaa karibu na skuli, wenye habari mapema, na wenye fedha ya sare na ya kifungua kinywa. Hapo ndipo taa inapohitajika. Tupime umasikini ili tujue nafasi mpya ipelekwe wapi kwanza, na ili tuone kama ahadi ya wote inawafikia walio mwisho wa foleni.

KISIWA KIDOGO NA KITONGOJI KIKUBWA

Haja hii ina sura mbili ambazo hazifanani. Sura ya kwanza ni ya mji unaotanuka. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169, kutoka 593,678 wa mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya ongezeko lote la watu wa Zanzibar katika miaka hiyo 10 lilitokea katika mkoa huu mmoja. Nyumba huota kwa miezi, na skuli hujengwa kwa miaka. Humo mna familia zilizokuja kutafuta riziki, zinazopanga chumba kimoja na kuhama mara kwa mara, na ambazo sheha huenda hajapata kuzijua. Watoto wa familia hizi hawako mbali na skuli. Wako mbali na nafasi.

Sura ya pili ni ya shamba na visiwa vidogo: Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza, Uzi, Tumbatu. Huko idadi ya watoto yaweza kuwa ndogo kiasi ambacho mpangaji aliye ofisini aiona haifikii darasa zima, akaiahirisha mwaka hadi mwaka. Lakini mtoto wa miaka 4 hawezi kuvushwa kwa mtumbwi kila siku kwenda kusoma ng'ambo. Kwake yeye, skuli iliyo ng'ambo ya maji ni sawa na skuli isiyokuwapo.

Tena kuna swali la saa. Tangu kilimo cha mwani kilipoenea katika mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989 na baadaye, kina mama wengi wa Paje, Jambiani, Bwejuu na kwengineko wameishi kwa saa za maji. Siku za bamvua, maji yakikauka asubuhi, mama yuko baharini katika saa ile ile ambayo mtoto anapaswa kupelekwa skuli au kurudishwa, na saa hiyo husogea kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wavuvi nao huenda dago kwa majuma mengi, na msimu wa karafuu baadhi ya jamaa huhamia mashambani. Mtoto wa familia hizi aweza kuwa jina katika daftari na asiwepo darasani. Hesabu ya haja isiyouliza habari ya saa na ya misimu itasema nafasi ipo, kumbe nafasi hiyo haimfai aliyekusudiwa.

Na lipo suala la vyuo vya Kurani, ambalo watafiti wa kigeni aghalabu hulikosea. Watoto wetu wengi huanza chuo kabla ya skuli. Wako wanaokwenda skuli ya maandalizi asubuhi na chuoni jioni, na wakiandikwa kote kuwili huwa watoto wawili katika hesabu. Wako wanaokwenda chuoni tu, nao mara huhesabiwa kuwa wanasoma maandalizi, na mara huhesabiwa kuwa hawana lolote. Kote kuwili si kweli. Chuo kina kazi yake tukufu, na mwalimu wa chuo ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini si haki kumtwika kazi ya Wizara bila ya kumpa vifaa wala mafunzo. Daftari lieleze wazi: huyu anasoma chuoni, huyu anasoma maandalizi, huyu anasoma kote kuwili.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO

Pengine msomaji atauliza kama miaka hii 2 ya mwanzo inastahili shughuli yote hii. Jawabu tunalo hapa hapa kwetu. Mwaka 1986 huko Mombasa, kwa maombi ya viongozi wa jamii za Waislamu wa mwambao na kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha skuli za maandalizi zinazounganisha mafunzo ya dini, lugha na desturi za kwetu na njia za kisasa za kumfundisha mtoto kwa mchezo na vifaa vya kienyeji. Mpango huo uliingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliona kwamba watoto waliopitia skuli za maandalizi walikuwa mbele katika maendeleo ya akili kuliko wenzao waliokaa nyumbani, na wale wa skuli za Madrasa wakawa mbele zaidi.

Tena Wizara yenyewe, kuanzia mwaka 2006, iliendesha masomo ya maandalizi kwa njia ya redio, yale ya Tucheze Tujifunze, na vituo vya TuTu vikafika mahali pasipokuwa na skuli, vikiendeshwa na watu wa pale pale kijijini. Kazi hiyo ilianza kwa msaada wa shirika la misaada la Marekani, ambalo mwaka 2025 lilisimamisha shughuli zake duniani. Twataja hilo kwa sababu lina funzo. Mfadhili huja na hesabu zake na huondoka nazo. Nchi isiyokuwa na daftari lake mwenyewe haijui, mgeni akiondoka, ni watoto wangapi wamebaki bila ya kituo.

Hasara ya kutopima huonekana darasa la kwanza. Humo huingia kwa siku moja mtoto aliyekwisha kushika kalamu kwa miaka 2 na mtoto ambaye hajapata kukaa katika safu ya wenzake. Mwalimu ni mmoja na darasa limejaa. Yule wa pili, ambaye mara nyingi ndiye mtoto wa masikini, huanza mbio akiwa nyuma, na nyuma hapo ndipo wengi hubaki. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na miaka ya maandalizi ndiyo miaka ya ubichi.

NINI KIFANYWE

Hatupendi kulaumu bila ya kushauri. Visiwa vyetu vina wilaya 11 na shehia 388. Kwa nchi nyingi kubwa, kumjua kila mtoto wa miaka 4 kwa jina ni ndoto. Kwetu ni kazi inayowezekana. Twashauri mambo sita.

Kwanza, kila sheha awe na daftari la watoto wa miaka 3 hadi 6, lihakikiwe mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya uandikishaji na mara moja katikati ya mwaka wa masomo. Daftari hilo lisianze na ukurasa mtupu. Usajili wa vizazi upo, na wahudumu wa afya wa kujitolea wanaotembelea nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 5 wapo. Kinachotakiwa ni kuziunganisha kazi zao, ili mtoto mmoja awe na namba moja, asirudiwe wala asirukwe.

Pili, daftari lionyeshe umri kamili wa mtoto, mahali anapopata elimu kama anapata, na iwapo ana ulemavu. Watoto wa madago na wa nyumba za kupanga waandikwe pale wanapolala sasa.

Tatu, wazazi wa watoto walio nje waulizwe sababu, tena waulizwe nyumbani na kwa faragha. Umbali, gharama, saa, wingi wa watoto darasani na hofu ya njiani ni sababu tano zinazohitaji dawa tano mbalimbali. Darasa jipya haliponyi tatizo la saa.

Nne, nafasi zihesabiwe kwa kadiri ya wanaoweza kufundishwa. Chumba kilichojaa watoto kupita kiasi, kisicho na mwalimu aliyefunzwa, maji wala choo cha watoto wadogo, kisihesabiwe kuwa kimewatosheleza wote waliomo.

Tano, hali ya kipato ya kila familia ihifadhiwe kwa siri. Orodha ya masikini isibandikwe mlangoni mwa skuli wala isisomwe mkutanoni. Kinachotangazwa kiwe ni idadi tu ya kila shehia.

Sita, na hili ndilo kubwa, idadi hiyo itangazwe kila mwaka kabla ya bajeti kusomwa katika Baraza la Wawakilishi, na mbele ya kila shehia ioneshwe haja iliyobaki na fungu lililotengwa kuipunguza. Mwakilishi wa Micheweni aweze kusimama na karatasi mkononi, na Waziri aweze kumjibu kwa karatasi hiyo hiyo. Mwaka unaofuata wananchi waangalie kama idadi imepungua.

Tunajua kwamba wako maofisa wanaohofu hesabu ya namna hii. Takwimu inayoonyesha pengo yaweza kuonekana kama ni aibu kwa mwenye ofisi. Sisi twaona kinyume chake. Daktari hafedheheki kwa kuutaja ugonjwa wa mgonjwa wake. Hufedheheka akiuficha hadi mgonjwa akafa. Ofisa atakayeleta idadi kubwa lakini ya kweli apongezwe, na anayeleta asilimia nzuri isiyo na majina nyuma yake aulizwe maswali. Masheha nao wasiachiwe kazi hii bila ya posho wala makarani, kwani kazi isiyolipiwa hufanywa kwa makisio, na makisio ndiyo tunayoyakimbia.

Kwa wazazi nasi tuna neno. Karani au mhudumu wa afya akipiga hodi, mwambieni ukweli. Msiongeze umri wa mtoto ili aingie skuli mapema, wala msifiche mtoto mwenye ulemavu. Mtoto akifichwa ndani, haki yake nayo hufichika pamoja naye.

Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha kumfikisha kila mtoto, wa kike na wa kiume, katika malezi na elimu bora ya awali. Sisi hatukungoja dunia itwambie. Tulitangaza elimu bila ya malipo mwaka 1964, na tukayaingiza maandalizi katika elimu ya lazima mwaka 2006. Kwa hiyo twaomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali na wakuu wa wilaya zote 11, ianze kazi ya daftari hili kabla ya msimu ujao wa uandikishaji. Ikiwa shehia zote haziwezekani kwa mara moja, ianze na visiwa vidogo na vitongoji vipya vya Mjini Magharibi, ambako watoto wasioonekana ni wengi zaidi. Mtoto wa miaka 4 hana uwezo wa kuungoja mpango wa miaka 10.